Mstari wa Saba

Wakati watu wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, nilikuwa karani wa shamba la majaribio ya mipaina nje ya Tabora, upande wa Kipalapala. Kila mstari wa miti ulitokana na mbegu za mti mama mmoja. Tulichanja magome, tukatundika vikombe vya bati, na kila Jumamosi tukapima utomvu kwenye mizani.

Mgema utomvu wetu hodari alikuwa mama mmoja wa Goweko, mkulima wa tumbaku zamani. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, mstari wa saba unatoa kuliko yote. Wa nane hautoi kitu, na udongo ni uleule."

Nilidhani anauchanja wa saba kwa kina zaidi. Bila kumwambia sababu, nilimpa mgema mwingine mstari ule kwa wiki tatu. Vikombe vikajaa vilevile.

"Ungeniuliza tu," alisema yule mama, akashika kisu chake. Niliona aibu, ila sikumwomba radhi.

Kisha bwana misitu akaja na kopo la rangi nyekundu. Miti yote iliyopinda ikatwe, alisema, ile iliyonyooka ipate nafasi ya kunenepa. Mstari wa saba ulikuwa umepinda karibu wote. Nilimwonyesha daftari langu, akalifunua kidogo na kunirudishia.

"Vijiji vinataka mbao za madarasa. Utomvu haujengi darasa."

Mama akasogea. Bwana misitu akamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba, chanja kwa mkono wako, saba na nane. Ukirudi Jumamosi usipoona tofauti, kata."

Alichanja, labda kwa kuona haya kumkatalia mtu mzima. Jumamosi alichungulia vikombe kimoja kimoja. Vya mstari wa saba vilikuwa vimejaa. Vya wa nane vilionyesha vitako vya bati. Akaacha miti sita ya mstari wa saba kwa ajili ya mbegu. Mingine ilianguka wiki hiyohiyo.

Mbegu zilipokomaa, mama alikuwa amekwisha kuhamishwa na familia yake. Nilizikusanya mwenyewe. Fomu ya kuzisafirisha ilikuwa na nafasi moja ya jina la aliyegundua uzao ule. Niliandika langu. Baadaye nilipata barua ya pongezi, na kijiji alichopelekwa nilikijua. Kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa baiskeli. Sikwenda.