Mokeira Aliyekatazwa Kunyonyesha

Esnah Mokeira alijifungua mtoto wake wa tatu msimu wa mvua wa mwaka 1968, nyumbani kwake kwenye mteremko wa kilima cha Manga. Alikuwa mwanamke wa kazi. Karibu ujauzito wote alichuma maua ya pareto bega kwa bega na mumewe, Alfayo Nyamweya, na kila Sabato alipanda kilima kwenda kanisani bila kupumzika njiani. Mtoto alitoka salama, msichana kama dada zake wawili, akaitwa Gesare.

Shida ilikuja baadaye, wageni walipokwisha kuacha kuja kumwona mtoto. Miguu ilianza kuvimba, kisha kikafuata kikohozi. Mama mkwe wake, Mong'ina, alisema ni baridi tu, akamkanda kwa maji moto na kumpikia uji wa wimbi. Lakini Mokeira hakuweza tena kulala. Kila alipojilaza alihisi kama amefunikwa uso kwa blanketi lililolowa maji. Akawa analala ameketi, mgongo ukutani, mtoto mapajani.

Alfayo alimtazama akaogopa. Dada yake mwenyewe alikuwa amekufa hivyo hivyo baada ya kuzaa, na watu walisema amerogwa. Safari hii hakungoja maneno ya watu. Aliita majirani, wakafunga blanketi kwenye miti miwili kama machela, wakambeba mkewe kwa zamu mpaka barabarani, wakapata gari la kuwafikisha hospitalini.

Daktari aliusikiliza moyo wake kwa muda mrefu, akaitazama picha ya kifua. Muuguzi akatafsiri kwa Kikisii: moyo umepanuka na kulegea kwa sababu ya uzazi. Mokeira akapewa vidonge vya kuupa moyo nguvu, vingine vya kupunguza maji mwilini, na akakatazwa chumvi. Kisha daktari akamwona Gesare akinyonya.

"Huyu aachishwe," alisema. "Kunyonyesha kutamaliza nguvu kidogo alizobaki nazo mama yake."

Mokeira alimtazama muuguzi kama mtu ambaye hakusikia vizuri. "Muulize, mtoto atakula nini?"

"Maziwa ya ng'ombe," muuguzi akajibu bila hata kumuuliza daktari.

Waliporudi Manga, Alfayo alilishika agizo lile kwa mikono miwili. Alimpeleka Gesare nyumbani kwa Mong'ina, ng'ambo ya ua, ili mkewe asishawishike. Yeye mwenyewe alikamua ng'ombe, akachemsha maziwa, akayapeleka kwenye chupa. Mokeira alifunga kifua kwa leso akaikaza, lakini mtoto akilia kule ng'ambo, maziwa yalitoka yenyewe yakailowesha ile leso na gauni. Vidonge vilikuwa vimeanza kumsaidia. Miguu ilikuwa inapungua. Hata hivyo hakuona raha yoyote.

"Baba Nyangate," alimwambia mumewe, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza, "nirudishie mtoto."

"Nikurudishie ufe?" Alfayo alisema. "Nilimzika dada yangu kwa sababu niliona haya kumwambia apumzike. Wewe utapumzika."

Kisha Gesare akaanza kuhara. Mara ya kwanza alipona. Mara ya pili kilio chake kilipungua kila siku, mpaka asubuhi moja Mokeira akatega sikio na hakusikia chochote. Alfayo alikuwa shambani. Mokeira akainuka, akavuka ua akishika ukuta, akaegemea vichanja vya kuanikia pareto mpaka pumzi ikarudi, kisha akaendelea.

Mong'ina alikuwa ameketi na mtoto. Utosi wa Gesare ulikuwa umebonyea, macho yakiwa nusu wazi, midomo imekauka.

"Mwanangu, daktari alikataza," yule mama alisema, lakini mikono yake ilikuwa tayari inamsogeza mtoto kuelekea kwa Mokeira.

Gesare hakuwa na nguvu ya kunyonya. Mokeira alimkamulia mdomoni, tone kwa tone, mpaka taya dogo likaanza kusogea. Alfayo alipoingia na jembe begani aliwakuta hivyo, mama mkwe akimshikilia Mokeira mgongo asianguke. Akamtazama mtoto. Akaketi mlangoni akalia.

Tangu siku hiyo hakuzuia tena, ila alimfanyia mkewe kazi zote, kuchota maji na kutafuta kuni, wanaume wenzake wakimcheka. Mokeira alinyonyesha akingoja kila siku miguu ivimbe upya. Haikuvimba.

Walipomrudia daktari, picha mpya ilionyesha moyo umepungua ukubwa. Akauliza kama aliacha kunyonyesha. Muuguzi alikuwa tayari kusema ndiyo, lakini Mokeira akajibu mwenyewe kwa Kiswahili chake kidogo: "Sikuacha. Mtoto ilikuwa inakufa."

Daktari akausikiliza moyo tena. "Tulifundishwa kuwakataza," alisema hatimaye. "Siwezi kusema kunyonyesha kumekusaidia. Lakini kama kulikudhuru, mimi siyaoni madhara hayo. Endelea na dawa. Ila usizae tena. Moyo huu haukurudi wote."

Kweli haukurudi wote. Mokeira hakupanda tena kilima kwenda kanisani, na wanawake waliompita akiwa ameketi kivulini walimwita mvivu bila kushusha sauti. Alfayo alihamishia kitanda chake chumba kingine kwa hofu ya mimba, na miaka ilipopita wakazoea kuzungumza kupitia mlango. Mong'ina alitaka mjukuu wa kiume, akalisema hilo kila mwaka, mpaka siku moja Alfayo akamjibu mbele ya watu: "Mama, usiniombe nimzike mke wangu."

Gesare alinyonya muda mrefu kuliko mtoto yeyote wa boma lile, kwa sababu hakuna mdogo wake aliyekuja kumwondoa kifuani. Siku alipoacha mwenyewe, akakimbilia nje kucheza, Mokeira alifunga vifungo vya gauni, akaketi peke yake mpaka jua likazama.