Mgeni Aliyetaga Mayai Kwenye Pazia

Juzi nilifungua neti mpya chumbani kwangu Kisumu, na ile harufu kali ya dawa ikanipeleka moja kwa moja kwa Dani, nyanya yangu, ufukweni karibu na Port Victoria, mwaka niliokuwa na miaka tisa. Najua wengine hukumbuka nyanya zao kwa harufu ya uji au ya moshi wa kuni. Yangu hunijia na harufu ya dawa ya mbu, na ninayo sababu.

Babu alizikwa wakati wa mvua ndefu. Asubuhi iliyofuata, kwenye pazia la mlango alikuwa ametua nondo mkubwa kama kiganja cha mtu mzima, kijani kinachoelekea manjano, na mikia miwili mirefu kama utepe. Shangazi akachukua ufagio. Dani akamzuia, akasema mzee amekuja kumwona. Akaweka kiti chini ya pazia, akakaa hapo siku tatu bila kuongea nasi.

Mama ni wa Nyeri na Baba ni wa ziwani, kila mmoja na lugha ya kwao, kwa hiyo mimi na Dani tulikutana kwenye Kiswahili, chake cha mkato na changu cha maswali. Siku ya nne nondo alikuwa amekufa sakafuni, na pazia lilikuwa limejaa vijiyai. Nikasema, "Dani, Babu ametaga."

Shangazi alinifinya. Dani akacheka mpaka leso ikamfunguka, kicheko chake cha kwanza tangu msiba, kisha akarudi kwenye kiti chake. Hapo nikaamua nitamthibitishia kwamba ni mdudu tu, ili aondoke pale.

Mayai yalipoanguliwa tulijaribu kila jani la bomani. Viwavi walikataa mpera, wakakataa mwembe, wakaukubali mng'ong'o ulio nyuma ya choo. Walikula kwa sauti, kama manyunyu juu ya makuti, wakanenepa, kijani kitupu, na vinundu vyenye nywele mgongoni. Nikiwa shuleni Dani ndiye aliyewakatia majani. Siku moja nilimkuta ameinamia karai tulimowafuga akiwaeleza ng'ombe gani amezaa.

Kisha kuku akala wawili. Kwetu kila kitu hukingwa kwa neti, kuanzia omena wanaokaushwa hadi miche ya sukuma wiki. Nikachukua neti mpya ya zahanati, bado inanuka dawa ya mbu, nikafunika karai. Mimi niliyeuliza kila kitu, neti sikuiuliza. Asubuhi viwavi wote walikuwa wamelala ubavu, laini kama ndizi iliyopita wakati wake. Alibaki mmoja aliyekuwa ametoroka hadi dirishani.

Nilingoja kugombezwa. Dani alichimba shimo dogo chini ya mng'ong'o, akawafukia, halafu akaninawisha mikono kwa sabuni mara tatu.

Yule mmoja tulimrudishia tawi lake. Akajifumia kifuko cha hariri chenye rangi ya fedha, kilichojaa matundu madogo. Nikaona kimetobolewa na wadudu, nikaleta wembe nihakikishe. Dani alikichukua pamoja na wembe, akakipima uzito kiganjani, akakitundika juu ya kiti chake. Miezi ikapita. Kila wiki niliulizia wembe wangu.

Jioni ya mvua fupi ya kwanza kifuko kikalowa upande mmoja, na nondo akatoka, mabawa yamekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Tulimtazama akiyanyoosha polepole.

"Umeona, Dani? Ni dudu. Hata mdomo hana, hawezi kula."

"Basi ni vizuri tulimlisha mapema," alisema. Akanivuta kando yake. "Nyathina, mwanangu, mimi najua ni dudu. Lini nilisema si dudu? Nilisema imekuja kuniona."

Chuo kikuu nililipata jina la yule nondo, Argema mimosae, na nikajifunza kwamba yale matundu kiwavi huyaacha mwenyewe anapofuma. Kifuko changu hakikuwa na ugonjwa wowote. Nikaanza kumwandikia Dani habari hiyo, nikaacha katikati. Miezi yote ile nilidhani ninamfundisha, kumbe nilikuwa nimempa wa kulisha. Na tangu siku ya viwavi wa kwanza, sasa ndipo ninapokumbuka, kile kiti hakukikalia tena. Alikuwa akisimama kila siku kwenda kukata majani.

Neti yangu nimeianika kivulini tangu asubuhi, makali ya dawa yapungue. Dirisha nimeliacha wazi, huenda akaja mgeni.