Mama Alipoitafuta Theluji

Mama yangu alifundisha jiografia Lukuledi mpaka akastaafu, na kila mwaka alichora ubaoni safu ya milima ya Rwenzori, inayozigawa Uganda na Kongo. Hakuwahi kuiona. Kwetu Masasi milima ni majabali, kila moja limesimama peke yake katikati ya mikorosho, kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Hata neno "safu" wanafunzi walimkubalia kwa adabu tu. Theluji karibu na ikweta ndiyo iliyowashinda kabisa. Na sasa tulisikia kwamba inayeyuka, inapungua mwaka hadi mwaka. Mama alitaka kuiona kabla haijaisha. Nikampeleka.

Tulifikia nyumba ya wageni chini ya milima, upande wa Uganda. Siku zote tulizokaa, mawingu yalifunika kila kitu. Asubuhi ya kuondoka, mabegi yakiwa tayari mlangoni, mwenye nyumba, mama mcheshi aliyekulia Kongo, akatugongea.

"Imefunguka! Tokeni!"

Mama alitoka na kanga mabegani, akaenda moja kwa moja ukingoni mwa ua, akainama kutazama bondeni. Nilimwelewa. Alizaliwa Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa juu, na huko mpaka hutazamwa chini: Ruvuma inametameta mbali, Msumbiji ng'ambo yake. Maji nayo yako chini. Utoto wake wote aliyapandisha kichwani.

"Mama, unatafuta mlima au umeangusha hereni?" mwenye nyumba alicheka. "Inua macho!"

Akatazama vilima vya kijani. "Mbona sioni kitu?"

"Juu zaidi."

"Huko ni mawingu."

"Si mawingu, mama. Tazama vizuri."

Nami nikatazama. Pale nilipodhani ni mbingu tupu palikuwa na mwamba mweusi, na juu yake weupe uliotulia, unawaka kwa jua la asubuhi. Vilele vilikuwa vimeshikana mabega, nchi mbili zimeegemea mgongo mmoja. Maji yote yale, yamekaa juu kabisa, hakuna aliyeyabeba.

Mama alinishika mkono, akanibana hadi nikaumia.

"Kubwa hivi," alinong'ona. "Kubwa hivi, jamani!"

Ukungu ukaanza kupanda kutoka bondeni. Nikamkumbusha kwamba basi lingetuacha.

"Nyamaza kwanza, mwanangu."

Alisimama vilevile, shingo ameilaza nyuma, mpaka kilele cha mwisho kikafunikwa. Hata hapo hakuinamisha kichwa.