Kopo la baba mkwe lilikuwa kavu tangu Jumatatu

Mhariri, jina langu nifichie, maana hapa Pongwe tunajuana hadi mwandiko. Nina miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Chumbageni, huku nimeolewa mwaka wa tatu. Tangu msiba wa baba mkwe, usingizi nausikia kwa wenzangu.

Mzee alishikwa na kuhara, kuhara kwa kutambaa na ukuta. Tukashika la wakubwa: anayeharisha hapewi maji, yatamzidishia. Mume wangu yuko kwenye mkonge, mama mkwe haoni, kwa hiyo kopo la haja ndogo nikilimwaga mimi. Jumatatu kavu. Jumanne kavu. Nikanyamaza. Mkamwana na mkojo wa mkwewe, wapi na wapi? Hata jina lake nilifunzwa nisilitaje.

Jumatano akapita dresa wa zahanati, akauliza mbele ya wazee, "Mzee anakojoa?" Macho yote kwangu. Nikainama, nikasema, "Anakojoa." Akaacha dawa ya unga, akaenda zake.

Alhamisi ndipo wifi yangu alipofika kutoka Moa na mizizi ya kufunga tumbo. Akampa babake kikombe kimoja. Kesho yake mzee kavimba uso, anaweweseka, tukampakia lori la mkonge hadi hospitali. Daktari akasema figo zimesimama kwa vile mwili ulikauka, na kwamba zipo dawa za mizizi nazo huumiza figo. Basi, watu wakashika la mizizi tu. Jumapili tukazika.

Sasa wifi anaitwa muuaji wa babake. Kisimani wanampisha. Juzi akaniuliza, "Wifi, wewe ndiye uliyekuwa naye. Ni mimi niliyemuua baba?" Nikamjibu ni kazi ya Mungu. Sikumwambia kopo lilikauka siku tatu kabla hajatia mguu. Muongo mkubwa mie!

Posa yake ilishapokewa, lakini mwezi ukiandama watu wa mchumba wake wanakuja kuivunja, hawataki mke mwenye mkono wa sumu. Nikisema, mume wangu atajua babake alikufa kwa aibu yangu, na talaka naiona hii hapa. Nami ni mjamzito.

Tena wifi ndiye anayenipikia. Nyumba nzima chakula chake nakila mimi peke yangu, naye hunishika mkono akaniombea dua, akidhani ni mapenzi. Ndugu wasomaji, nishaurini upesi: nianze kumwambia nani, na nisemeje?