Mgeni Namba Saba

Mama Mapezi aliweza kusahau majina ya mawifi zake, lakini pezi la pomboo hakulisahau kamwe. Kwa miaka kumi na minane, kazi yake katika kituo cha utafiti wa bahari ilikuwa kutazama picha za mapezi ya mgongoni na kusema, "Huyu fulani, huyu fulani, na huyu kanenepa."

Yeye alitunza droo ya picha za pomboo wa kaskazini mwa ghuba. Ya kusini ilikuwa ya mwenzake wa meza ya pili, Bibi Kusini. Wawili hao walinuniana tangu ugomvi wa birika la chai, na kila droo ilikuwa na kufuli lake. Pomboo nao walikuwa vivyo hivyo: wa kaskazini hawakuchangamana na wa kusini hata kwa dawa.

Kisha kimbunga kikaja. Matope yakafunika majani ya baharini, samaki wakahama, na pomboo thelathini na mmoja wa kaskazini wakabaki kumi na tisa. Kishoka, kipenzi cha Mama Mapezi, mwenye pezi lililochanjwa kama kwa shoka, hakuonekana. Wala wale madume wawili aliozoea kuranda nao.

Kanuni ya kituo ilikuwa moja: asiyeonekana mwaka mzima huandikwa marehemu. Mwaka wa Kishoka ungeisha Ijumaa, saa kumi jioni.

Mama Mapezi alipekua droo yake mara tatu. Nyumbani akalia juu ya sufuria.

"Mke wangu," mumewe akasema, "hata mama yangu hukumlilia hivi."

"Mama yako aliwahi kuruka kwa furaha aliponiona?"

Ijumaa saa tisa na nusu, kalamu mkononi, akawaza: aliyefiwa na wenzake wote wawili atakaa na nani? Si atabisha hodi kwa jirani? Akameza mate, akameza na kiburi, akabeba birika hadi meza ya pili.

"Shoga, chai?"

Bibi Kusini alilitazama birika kana kwamba lina nyoka. "Umetia nini?"

"Sukari. Nifungulie droo yako."

"Nilijua tu!" Lakini akafungua. Mle ndani mlikuwa na bahasha nono: *Mgeni Namba Saba*.

"Huyu alikuja miezi kumi iliyopita, baada ya kimbunga, ncha ya pezi imekatika. Kajipachika kwa akina mama na watoto wao, kawa yaya. Hana hata haya."

Mama Mapezi alitazama chini ya ncha. Mkato wa shoka, ule ule! Yowe lake likamwaga chai.

"Miezi kumi! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe hata jina hukumpa?"

"Ningemuuliza nani, na wewe umeninunia?"

Saa kumi kasoro dakika tano wakaandika: *Kishoka, hai*. Kisha wakabishana akae droo ya nani, mpaka chai iliyosalia ikapoa.

Jumatatu bahasha ilikuwa katikati ya meza zao, imekandamizwa na birika.