Shosho Niliyempita Miaka Kumi

Leo nimeaibika mbele ya watu, na bado mwili unanisisimka.

Mzee aliyetengeneza ile gemu ya simu ya kukimbiza ndizi sokoni, kutoka Kanyakine hadi Gakoromone, alikuja Embu kutuonyesha sisi mashabiki gemu mpya.

Mpya haina mbio! Unasimama kusalimia kila mtu shambani.

Mimi shabiki sugu nikainuka. "Mzee, tuliomba barabara mpya kwenye gemu, si salamu."

Akacheka. "Kwani kwa ile ya zamani umewahi kumsalimia yule shosho, yule bibi mzee anayelima kando ya mto?"

Hapana. Miaka kumi nampita tu.

Nikafungua ile gemu ya zamani kwenye simu hapo hapo. Nikasimama mbele ya shosho, nikagusa mkono wake.

Shosho akaweka jembe chini, akasogeza migomba.

Barabara mpya ilikuwa nyuma yake miaka yote hiyo.

Jameni, nani mwingine alikuwa anampita?