Mjukuu wa Kujipachika

Naanza na aibu yenyewe ili mcheke mmalize: nililia kwenye msiba wa bibi nisiyemjua, na nililia kwa ajili ya sahani ya pili ya wali. Tulikwenda Sigino kucheza mpira (tulifungwa, tuyaache hayo), njaa inauma, nikaona turubai, nikasikia harufu ya nyama, miguu ikakata kona yenyewe. Sahani ya kwanza hakuna aliyeuliza. Ya pili, mama aliyekuwa anapakua akasimamisha upawa hewani, akataka kujua mimi ni wa nani. Nikasema mjukuu wa marehemu, na ili aamini nikaangusha machozi (kipaji hicho ninacho tangu chekechea). Akaniongezea nyama. Ningeondoka hapo mambo yangeisha, lakini ukafika muda wa mazishi, wajukuu wakaitwa kuweka shada la maua, yule mama akanisukuma mbele kwa huruma, nami nikaweka, nikapigwa picha katikati ya familia, nimeinamisha kichwa vizuri kabisa.

Wiki tatu baadaye ikawa siku ya wazazi shuleni kwetu Bagara, na kulikuwa na mdahalo: je, vyuo vikuu viwafukuze wanafunzi wenye mwenendo mbaya hata kama hawajavunja sheria? Mimi nilikuwa upande wa wafukuzwe, na siwafichi, niliua. Nilimgeukia Neema, msemaji wa upande wa pili, nikamwambia anatetea wahuni kwa sababu anajiandalia nafasi. Mama yangu, mstari wa mbele na kitenge kipya, alikuwa anawagusa wenzake mabega kuwajulisha kwamba huyo ni wake. Nikafunga hivi:

"Mtu anaweza asivunje kifungu hata kimoja cha sheria, lakini akavunja nyumba ya watu. Huyo asisubiriwe, afukuzwe leoleo."

Makofi. Kumbe Mzee Bura, mjumbe wa bodi ya shule, tangu nianze kuongea alikuwa ananitazama mimi, halafu simu yake, halafu mimi. Akasimama. Hata sauti hakupandisha.

"Mwalimu, marehemu mama yangu alikuwa na wajukuu kumi na mmoja. Kwenye picha ya msiba wako kumi na wawili. Mke wangu anasema huyu wa kumi na mbili nimezaa nje, wiki ya tatu hii haongei na mimi. Kumbe yuko hapa anatufundisha maadili."

Simu ikapita mkono kwa mkono mpaka ikamfikia mama. Mkuu wa shule akaniuliza, kwa upole uliotisha kuliko fimbo, kwa kanuni yangu mwenyewe anifanyeje. Ukumbi ukajibu kwa niaba yangu: afukuzwe (darasa langu ndilo lililosikika zaidi, asanteni sana). Hapo Neema akanyoosha mkono.

"Mkimfukuza leo atakwenda nyumbani kula, na mke wa Mzee Bura kule Sigino ataendelea kununa. Kwanza aende akamwambie kwa mdomo wake."

Nikapiga makofi. Peke yangu.

Mzee Bura akakubali: niende Jumamosi na mzazi, neno la kufukuzwa lingojee mke wake aridhike. Basi nikaenda, nikapiga shikamoo, nikamweleza mke wa Mzee Bura yote mpaka idadi ya vipande vya nyama. Hakuamini. Ikabidi mama yangu atoe picha ya baba kwenye mkoba, yule mama akaiweka karibu na uso wangu, akalinganisha pua na pua, akacheka, kisha akamwita mume wake alete viti. Mzee wa watu akaleta vinne, kwa mbio, wakati wageni tulikuwa wawili tu.

Sikufukuzwa. Nilipewa vyoo vya shule kuosha mwezi mzima, na humo ndani nilipata muda wa kufikiri: hotuba yangu ilikuwa kali, kasoro yake ilikuwa msemaji. Tena nimeapa, msiba nisiojua jina la marehemu hata maji sinywi.

Siku ile tulipofika mlangoni kwetu kutoka Sigino, mama akavua viatu, akanitazama, akasema:

"Siku nikifa mimi, wewe usilie. Watasema umefuata wali."